Sponji Namba Mbili

1

"Nani ameosha mawe yangu?"

Niliuliza hivyo nikiwa bado na viatu vya mgodini miguuni, begi begani, mikono hata sijanawa. Ukumbi mzima ulikuwa unanukia sabuni. Walikuwa wameshatundika vitambaa vya bluu na nyeupe ukutani, viti vimepangwa, na pale mbele, juu ya meza iliyofunikwa kitenge kipya, tangi langu lilikuwa linameta. Lita mia na ishirini za maji ya chumvi, maangavu kabisa. Na mawe ndani yake meupe pe.

Nilipoondoka siku mbili kabla, mawe yale yalikuwa ya kahawia, yana utelezi, yanachukiza hata kuyatazama. Ndivyo yalivyotakiwa yawe.

"Mimi hapa, mwanangu," alisema Shangazi Kabula, akitokea nyuma ya viti na brashi mkononi, uso umemjaa furaha. "Hukuyatambua, eh? Nimeyasugua moja moja. Na ile sponji yako ya kwenye kichujio, mama yangu, ilikuwa inatia kinyaa! Nimeichemsha, nikailoweka klorini, nikaichemsha tena. Mgeni rasmi aje akute uchafu ule? Watu watasema hatukufundwa."

Hata shikamoo sikumpa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kichujio, nikaichomoa sponji, nikainusa. Ilinuka wodi ya hospitali.

"Jamani, Shangazi," nikasema. "Jamani, jamani. Umewaua wote."

"Nimewaua nani? Samaki si hawajafika?"

Nikakaa chini, pale pale sakafuni. Ngoja nieleze nilichokuwa nimekifanya kwenye tangi lile, maana hasira zangu bila maelezo mtaziita kichaa.

Samaki anakula, anapumua na anakojoa kwenye maji yale yale anamoishi. Kinachomtoka ni amonia, na amonia inamchoma matamvua anayopumulia mpaka afe. Palipo na bahari kuna vijidudu vinavyoila. Kwenye tangi jipya havipo. Inabidi uvifuge kwanza, wiki kadhaa kabla samaki hajatia pezi humo. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, goigoi kweli, linachelewa kuja, lakini likija linakula nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Na vijidudu hivyo havielei majini. Makazi yao ni juu ya mawe na ndani ya sponji, kwenye ule utelezi wa kahawia ambao shangazi yangu ameusugua kwa brashi.

Mimi nilianza kwa matone machache tu ya vijidudu na kipande cha dagaa mkavu, nikakitupia majini kioze. Kilioza haswa. Watu mia nne wa Kituo cha Bonde Jeupe walinisema wiki nne nzima. Nyamizi katuletea uvundo mwezini! Nyamizi kageuza ukumbi choo! Nikavumilia, kwa sababu wao wenyewe ndio walionipa maji, kikombe kikombe kutoka kwenye mgawo wao, na huku juu mtu akikupa kikombe cha maji amekupa kitu. Kila asubuhi nilichota maji kidogo kwenye kichupa, nikadondosha dawa, nikatazama rangi. Kijani: amonia imejaa. Siku nyingi kijani. Halafu zambarau ya nitriti, siku kumi na moja mfululizo, nikadhani haitaondoka. Asubuhi ya siku ya thelathini na mbili, kichupa cha amonia kikatoka njano na cha nitriti kikatoka bluu: sumu zote mbili zimeliwa. Nililia kama mtu aliyefiwa, ila kwa raha. Nikaweka sahihi kwenye barua ya kwenda Duniani: tangi liko tayari, leteni samaki. Kisha nikaenda mgodi wa barafu kutengeneza vyoo vyao.

"Niliandika karatasi, Shangazi. Niliibandika hapa kwenye kioo. USIGUSE."

"Niliiona," akasema, na furaha ilikuwa inamtoka usoni taratibu. "Nikamuuliza Mkurugenzi. Akasema karatasi ile ni ya watu wa kupita, sisi wa usafi haituhusu. Akaibandua mwenyewe, akasema mawe yang'ae."

Hapo ndipo nilipojua pa kupeleka hasira zangu.

2

Bwana Lutengano, Mkurugenzi wa kituo, nilimkuta ofisini kwake amesimama, amevaa koti lake refu la sherehe, anajisomea risala kwa sauti. Alikuwa amefika kwenye "Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana."

"Fundi! Karibu. Umeliona tangi? Linang'aa!"

"Nani alikupa ruhusa ya kuibandua karatasi yangu?"

"Ebo. Hata salamu hakuna?"

"Salamu utapata siku nyingine. Piga simu kwenye chombo kinacholeta samaki, sasa hivi. Waambie wasiwaamshe. Tangi limekufa."

Niseme ni samaki gani. Vitatange wa pete, wa manjano, kila mmoja ana duara jeusi kuzunguka jicho. Bahari ilipochemka miaka ile ya joto, kabla mimi sijazaliwa, waliisha. Wachache walitiwa usingizi wa baridi, moyo umesimama, damu imegeuzwa mafuta mazito, wakahifadhiwa. Leo wamebaki kumi na mmoja, wote wamelala. Watano wako Duniani. Sita walikuwa njiani kuja kwetu, na walikuwa njiani kwa sababu mimi niliweka sahihi.

Mkurugenzi aliweka risala mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Walianza kuwaamsha jana asubuhi," akasema.

Samaki wa usingizi ukishaanza kumwamsha, umeanza. Moyo ukipiga mara moja hauurudishi tena kwenye barafu. Na sanduku la safari lina maji ya kuwatosha mpaka kesho mchana tu, baada ya hapo wanaanza kuogelea kwenye mkojo wao.

"Basi tuwaweke tu," akasema. "Maji ni safi, Nyamizi. Hata mimi ningeyanywa."

"Yanywe basi."

"Usinitanie."

"Wewe ndiye unayenitania! Maji safi! Usafi wa macho huo. Ukiwatia humo, kesho kutwa wanahema juu juu, siku ya tatu wanaelea tumbo wazi. Nimekwambia mara ngapi? Nilikuja hapa nikakuchorea kwenye ubao!"

"Siku ya tatu," akarudia, na nikaona anahesabu. "Mgeni rasmi anaondoka siku ya pili."

Sikuamini masikio yangu. Nikamwomba arudie. Hakurudia. Badala yake alikwenda akaufunga mlango, akaja kusimama karibu yangu, sauti ameishusha.

"Kabatini kwako kuna sponji mbili," akasema.

Hapa tena lazima nieleze. Mwezini mifupa inalegea. Mwili haubebi uzito wa kutosha, chokaa inatoka mifupani, inapita kwenye figo na kuzijaza mawe. Kituoni kwetu watu wawili figo zao zimekufa kabisa. Wanaishi kwa figo ya mkobani: pochi ndogo ya kiunoni inayopitisha damu karibu na sponji yenye vijidudu, jamaa wale wale wa kwenye tangi, vinavyokula sumu ambayo figo ilitakiwa iitoe. Mimi ndiye ninayezifuga. Kila mgonjwa ana sponji mbili. Moja iko mkobani inafanya kazi siku tatu, nyingine iko kwenye chupa kabatini kwangu inapumzika, kisha zinabadilishana. Sponji isiyopumzika inaanza kuziba. Na kuotesha mpya ni mwezi mzima, kama tangi.

Kwa hiyo ndiyo, sponji moja iliyojaa vijidudu ingeweza kuokoa samaki sita. Ningeizoesha chumvi kidogo kidogo usiku kucha na asubuhi ingeingia kwenye kichujio. Lakini mwenye nayo angebaki na moja isiyopumzika siku thelathini. Angevimba miguu, kisha uso. Kinywa kingenuka amonia. Baada ya hapo sijui, na sikutaka kujua.

Chupa kabatini hazina majina, zina namba. Namba moja ni Shangazi Kabula. Huyo hafichi, mkoba wake ameushonea mfuko wa kitenge na watoto wa kituo wanauita kibeti cha Bibi. Namba mbili hakuna anayemjua isipokuwa mimi, na mimi nimekula kiapo. Mkuu wa kituo akiugua ugonjwa wa kudumu anashushwa Duniani kwa chombo cha kwanza. Ndiyo maana namba mbili anavaa makoti marefu.

"Chukua namba moja," akasema Mkurugenzi. "Yeye ndiye aliyeharibu."

"Wewe ndiye uliyemwambia aoshe!"

"Nilimwambia asafishe. Sikumwambia aue."

"Na namba mbili?"

Aliutazama mlango kana kwamba kuna mtu angeingia. "Namba mbili ana majukumu," akasema. "Kuna watu mia nne hapa, fundi. Samaki hawa wakifa kituo kitachekwa mpaka kifungwe. Shangazi yako ni mwanamke mwenye moyo, ukimwomba atatoa. Au usimwombe. Ni kazi yako wewe kujua chupa ipi inatoka lini."

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa, nikatoka.

3

Karakana yangu ni chumba kidogo, kabati moja, beseni moja, meza. Nilitia tone la amonia kwenye maji ya tangi niliyoyachota, nikayaweka pamoja na moja ya yale mawe meupe, nikasubiri. Siku mbili zilizopita jiwe lile lingeimaliza amonia kabla ya chakula cha mchana. Saa kumi jioni nikapima. Kijani kibichi. Hata kijidudu kimoja hakikuwa kimebaki.

Shangazi aliingia bila kubisha. Alikuwa amevua kilemba, nywele zake nyeupe zimesimama, na macho yalikuwa mekundu.

"Nimewauliza wenzako wa mgodini," akasema. "Wamenieleza. Wanasema vijidudu vya mawe ni ndugu na vya mkobani kwangu."

"Wenzangu waongee mambo ya mgodini."

"Nyamizi. Sponji yangu ile ya kwenye chupa. Inaweza kuwafaa wale samaki?"

Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja juu ya kile kibeti chake. Ana miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki, akanifuata mpaka huku juu akiwa na miaka sitini, akaomba kazi ya kufagia ili asikae bure. Ningesemaje?

"Haifai," nikasema. "Ya binadamu ni ya binadamu. Ikiingia kwenye chumvi ile inakufa papo hapo."

"Kweli?"

"Shangazi, mimi ndiye fundi au wewe?"

Akanipapasa kichwani, akaomba msamaha tena, mara ya tano siku ile, akaondoka.

Nikabaki na chupa mbili. Nilizitoa nikazipanga mezani. Sponji zenyewe hazitofautiani hata kidogo, mbili za rangi ya kahawa, zinatoa mapovu madogo. Nilijua kwamba njia ya tatu ipo: kuwaacha samaki wafe, kwenda mbele ya watu kesho na kusema tumekosea. Niliifikiria. Nikaona wale sita wakigeuka tumbo mmoja mmoja mbele ya watoto waliotoa maji yao ya kunywa. Na nilijua kwamba njia ya nne pia ipo, kurudi kwa Bwana Lutengano nikamwomba sponji yake uso kwa uso kama mtu na mtu. Hiyo sikuifikiria sana. Ningemwomba, angekataa, na akishakataa ningekuwa nimefungwa mikono.

Niseme ukweli, maana nimeshasema uongo wa kutosha. Nilikuwa na hasira na nilizipenda. Zilinipa nguvu mikononi. Kila nilipokumbuka "namba mbili ana majukumu" damu ilinipanda kichwani, na niliona kama haki yenyewe ndiyo inayonisukuma kiwiko.

Nikairudisha chupa namba moja kabatini. Nikafungua namba mbili, nikaitoa sponji, nikaitia kwenye beseni la maji, nikaanza kuongeza chumvi kijiko kwa kijiko.

4

Mgeni rasmi alikuwa Kamishna mmoja kutoka Duniani, mama mnene mwenye sauti nzito, ambaye miguu yake haikuwa imezoea wepesi wa huku kwetu, kwa hiyo kila akipiga hatua alirukaruka na wasaidizi wake wawili walimvuta chini kwa adabu. Watu walikuwa wamevaa sare ya kitenge. Kwaya iliimba. Kisha sanduku likafunguliwa.

Sikuwahi kuona samaki hai maishani mwangu. Nimefuga vijidudu miaka kumi na sita na sikuwahi kumwona samaki ambaye vinamsafishia maji. Niliwahamisha mwenyewe, kwa kikombe, polepole, nikichanganya maji yao na ya tangi ili wasishtuke. Wa kwanza alilala ubavu. Nikasema moyoni, basi, nimeua. Halafu akatikisa mkia, akajinyoosha, akaenda mpaka kwenye kioo akatutazama kwa lile jicho lenye pete. Ukumbi ulipiga kelele hadi taa zikatikisika. Watoto walikuwa wanalia. Kamishna alikuwa analia. Shangazi Kabula, nyuma kabisa karibu na mafagio, alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yanamtetemeka.

Mkurugenzi alipanda kwenye kipaza sauti. Akanikonyeza nilipopita karibu yake kurudisha kikombe. Alinikonyeza! Alidhani nimemtii.

Nikainama kama mtu anayemwekea vizuri waya wa kipaza sauti.

"Iliyomo humo ni namba mbili," nikamnong'oneza.

Sikumtazama usoni. Nilitazama mkono wake. Uliteremka polepole ukaingia chini ya koti, ukashika ubavuni, ukabaki pale. Watu mia nne walikuwa wanamsubiri. Angesema nini? Angemwambia nani, na angeanzia wapi?

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasema, akakohoa. "Mheshimiwa mgeni rasmi. Wageni waalikwa. Kipekee... kipekee tunaishukuru kamati ya usafi."

Wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Siku ile nililala usingizi wa mtoto mchanga.

5

Siku tano za kwanza Mkurugenzi hakuja karakana. Siku ya sita alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kama kuna dawa ya miguu. Nikamwambia anyanyue miguu juu akilala. Nilikuwa nimeshaanza kumwotesha sponji mpya, msije mkadhani mimi ni mnyama. Ilikuwa kwenye beseni, bado nyeupe. Akaondoka. Hakunitukana hata neno moja, na hilo liliniudhi.

Samaki walikuwa wanakula. Nilipima maji kila asubuhi: njano, bluu, njano, bluu. Wawili walikuwa wameanza kuogelea pamoja, ubavu kwa ubavu, hawaachani. Nilikuwa nakwenda kuwatazama na kujiambia, tazama, uliamua vizuri.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mlango wa karakana ulifunguliwa kwa teke. Alikuwa Shangazi Kabula, amemshika Bwana Lutengano kwapani, anamkokota. Uso wa mwanamume yule ulikuwa umevimba hata macho yamezama. Alikuwa amevaa kandambili, kwa sababu viatu vilikuwa havimwingii tena. Alipohema, chumba chote kilinuka amonia. Ile harufu ninaijua kuliko harufu ya mwili wangu.

"Mkalishe," Shangazi akaniambia.

Nikamkalisha.

"Nilikuwa nafagia ofisini kwake," akasema. "Nikasikia mkoba unalia chini ya koti. Ule mlio wa sponji kuziba naujua, ndio huu wangu. Nikamvua koti kwa nguvu. Amenieleza yote."

"Amekueleza na alichoniambia kuhusu sponji yako?" Nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti. "Amekueleza kwamba alitaka nichukue yako, hata bila kukuuliza?"

"Hata hilo amenieleza."

Mkurugenzi alikuwa amejiinamia.

"Basi unamletaje hapa? Alitaka kukuua, Shangazi!"

"Alitaka," akasema. "Wewe umefanya."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu mengi, nilikuwa nimeyapanga siku tisa. Yeye ndiye aliyebandua karatasi. Yeye ndiye aliyesema mgeni anaondoka siku ya pili. Yeye ana majukumu, haya, na ayabebe.

"Samaki wako hai," nikasema. Hilo ndilo lililotoka.

"Wako hai, na kila siku nakwenda kuwaona na nawapenda. Usijifiche nyuma ya samaki." Hakuwa anapiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Mimi niliyaosha mawe yale sijui kama kuna kitu kinaishi juu yake. Nikiulizwa mbele ya Mungu nitasema sikujua, na ni kweli. Wewe ulijua. Ulisoma namba kwenye chupa, ukafungua, ukatoa. Na kabla ya hapo nilikuja nikasimama hapa hapa, nikakuuliza kama yangu inafaa. Ukaniambia haifai. Mimi! Ukanidanganya mimi, ukanifanya mtu asiye na kitu cha kutoa."

"Nilikuwa nakulinda."

"Nilikwambia unilinde?"

Beseni lilikuwa linatoa mapovu, na mkoba wa Bwana Lutengano ukaanza kulia tena, ule mlio mwembamba.

Shangazi alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Akamwinua kidevu kwa vidole viwili kama anavyowainua watoto.

"Bwana Mkurugenzi. Sponji yangu ya chupani nataka ije kwako. Zikiwa tatu kwa watu wawili, tutazizungusha mpaka hiyo mpya iote. Siku ishirini na moja zimebaki. Mimi na wewe tutaumwa wote. Unakubali?"

Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye mashavu yale yaliyovimba, taratibu, kama maji yanavyoshuka huku kwetu. "Sistahili, Mama," akasema.

"Sijakuuliza hilo. Unakubali?"

"Nakubali."

Nikageuka kwenda kabatini. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kitasa.

"Wewe, rudi," Shangazi akasema. "Unakwenda wapi?"

"Kuchukua sponji."

"Ya nani?"

"Yako, Shangazi."

"Umeniomba?"

Nikasimama pale na mkono kwenye kitasa. Hasira zilikuwa bado zipo, zote, ila sikujua tena nilikuwa nimemkasirikia nani.

"Njoo hapa mbele yangu," akasema. "Niombe."

Nikaja. Nikapiga magoti, kwa sababu alikuwa amekaa na sikuweza kumtazama nikiwa juu.

"Shangazi, naomba sponji yako."

"Ya kumpa nani?"

"Ya kumpa Bwana Lutengano."

"Nikikupa itanitokea nini? Wewe ndiye fundi. Usinifiche."

"Utavimba miguu."

"Endelea."

"Utavimba uso. Utatapika. Chakula kitakuwa na ladha ya chuma."

"Endelea, mwanangu."

"Una miaka sabini na mmoja," nikasema. "Huenda usifike siku ya thelathini."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, mara mbili tatu, kama mtu aliyeambiwa bei na ameiona ni halali. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, kimoja kimoja, akavipanga chini ya kiti.

"Haya," akasema. "Sasa chukua."